Muhogo Umeliwa na Mbuzi

Kila mwaka tukifika kwenye pasivu, ile kauli ya kutendwa ya Kiingereza, huingia darasani nimeshanuna. Wanafunzi wameshanizoea. Huambiana tangu asubuhi, jamani leo kaeni vizuri, leo hakuna mchezo. Somo lenyewe silichukii. Ni somo jepesi, na Mswahili hana udhuru wa kulishindwa, maana kula na kuliwa, kupiga na kupigwa, tumeyasema tangu tunatambaa. Kinachonitia hasira ni kwamba nalijua vizuri mno. Nalijua kuliko mwalimu yeyote niliyepata kufanya naye kazi kisiwani hapa, nasema bila haya, na laiti nisingelijua.

Mimi ni mtu wa upande wa Kengeja, kusini mwa Pemba. Baba alikuwa mchoma chokaa, mama alikuwa mkulima wa muhogo kama wanawake wote wa kwetu, na sisi watoto tulikuwa watatu, mimi mkubwa. Baba hakusoma sana, na jambo hilo lilimkereketa. Tangu nilipoingia skuli alikuwa akiwaambia watu, huyu wangu atakuwa mwalimu, mtaona. Akilisema hilo hata mtu hajamuuliza.

Mwaka niliokuwa kidato cha nne, mwalimu wetu wa Kiingereza aliondoka. Alikuwa kijana Mkristo kutoka bara, mtu mpole, tukimpenda. Barua ilikuja asubuhi, naye akatusomea darasani: "You have been transferred." Akacheka kwa uchungu. "Mnaona? Hakuna mtu hapa," alisema. "Hakuna aliyenihamisha. Nimehamishwa tu." Keshokutwa yake akapanda gari na begi lake, na darasa likabaki bila mwalimu wa Kiingereza mpaka siku ya mtihani. Mwalimu mkuu alikuwa akipita, anaandika mazoezi ubaoni, anakwenda zake.

Ndipo wazazi wakatupeleka kwa Ticha. Hivyo ndivyo kila mtu alivyomwita, hata wazee wenzake. Alikuwa mwalimu mstaafu, amesomeshwa zamani na Waingereza wenyewe, na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kama kamba ya fundi. Baada ya sala ya alasiri tulikaa kwenye baraza yake, watoto kama kumi na watano, na hakututoza kitu. Anayetaka kuleta kichane cha ndizi alete, asiyetaka alete masikio.

Na alikuwa na njia yake ya kufundisha, sijaiona kwa mwingine. Sentensi kwake haikuandikwa, ilisimamishwa. "The goat ate the cassava," mbuzi alikula muhogo. Mtoto mmoja anasimama mbele ya baraza, huyo mbuzi. Wa pili anasimama katikati, huyo ndiye kula. Wa tatu mwishoni, muhogo. Halafu Ticha anapiga makofi, "Geuza!" Muhogo anatoka mwisho anakwenda mbele, kwenye nafasi ya mwenye sentensi. Mbuzi anarudishwa nyuma, na hawezi kusimama huko mikono mitupu, lazima ashike bakora. Bakora hiyo ndiyo "by". Wa katikati anavua kofia anavaa nyingine, amekuwa "eaten". Na kwa kuwa peke yake hawezi tena kubeba wakati, anaitwa mtoto wa nne asimame kando yake. Ticha alimwita mpagazi. "Bila mpagazi sentensi haiendi," alikuwa akisema. "Mpagazi ndiye aliyebeba jana, leo na kesho." The cassava was eaten by the goat. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, kila mtu akigombea kuwa mbuzi.

Hayo yalikuwa kabla siasa haijaingia kwetu. Vyama vingi vilipofika, kijiji kilikatika pande mbili katika muda ambao hata mbaazi hazijakomaa. Upande mmoja mkubwa, upande mwingine nyumba tano au sita. Ticha alikuwa wa zile tano au sita. Hakuhutubia, hakumtukana mtu. Alitundika kibendera juu ya mlango wake, basi.

Wakamsusia. Asiyeishi Pemba miaka ile hajui kususiwa ni nini. Dukani ukiuliza sukari unaambiwa hamna, na gunia liko wazi mbele ya macho yako. Ukipanda gari wenzako wanashuka. Ukitoa salamu, salamu ya Mungu hiyo, watu wanaiacha ianguke chini. Msiba ukikufika unauzika mwenyewe na jamaa zako. Kule Kiuyu, tukisikia, ni hivyo hivyo, ila waliosusiwa kule ni wa chama chetu, na sisi tukilia kwamba ni dhulma. Loo! Akili gani ile tulikuwa nayo?

Baraza ya Ticha ikapungua. Kumi na watano wakawa saba, saba wakawa watatu, mwisho nikabaki mimi. Baba mwanzo alinyamaza, kwa ajili ya ule ualimu wangu aliokwisha kuutangaza. Mpaka Ijumaa moja akarudi msikitini uso umemwiva. Mama alikuwa amekalia mbuzi ya kukunia nazi, mimi napepeta mchele.

"Mie nachekwa," alisema, hata salamu hakutoa. "Nimeambiwa mbele ya watu, bintiyo ndiye anayemfanya yule mzee ajione bado mtu. Kijiji kizima kimekubaliana, weye nani?"

"Baba, mtihani..."

"Mtihani utafanya kwa akili yako! Sikiliza, na mama yako asikilize. Ukikanyaga tena uwanja wa yule, mama yako kaachika. Talaka tatu. Nshasema."

Akatoka. Mama aliendelea kukuna, akakuna mpaka nyama ya nazi ikaisha, na nikasikia meno ya mbuzi yanakwaruza kifuu kitupu.

Miaka ile wanaume wa kwetu walikuwa wakiapa talaka kama watu wanaopiga chafya. Mke akienda mkutano wa wale kaachika, akinunua chumvi kwenye duka lile kaachika. Na kiapo hicho hakina mchezo. Jambo ulilolitaja likitokea tu, talaka imeanguka, awepo shahidi asiwepo, ajue mume asijue. Na tatu ndizo zote, hapana kurejeana. Sisi watoto wa chuoni, chuo cha Kurani, tulilijua hilo kabla hatujajua jedwali la kuzidisha.

Nikakaa. Wiki mbili sikwenda. Nikijaribu mazoezi ya ubaoni peke yangu, nikiyaona maneno ya Kiingereza yanapita tu. Ukaja mtihani wa majaribio. Pasivu ilikuwa na maswali kumi, nikapata sifuri. Sifuri kabisa! Zile za kawaida Ticha alikuwa ameshatufundisha, lakini hizi zilikuwa zile ngumu, za jambo linaloendelea kutendwa na za jambo lililokwisha kutendwa, na hizo tulikuwa bado hatujazifikia nilipokatazwa. Mtihani wenyewe ulibakia siku tisa. Niliona ualimu unaondoka, naona shamba la muhogo linanisubiri, mimi na jembe mpaka kufa.

Nikaanza kutafuta hila. Baba alisema uwanja. Nyumba ya Ticha ilikuwa na uwanja mbele, mweupe, unafagiwa kutwa mara mbili. Nyuma hakukuwa na uwanja, mihogo ilikuja mpaka ukutani mwa jiko. Basi nikipita mihogoni, nikaruka kutoka kwenye tuta la mwisho mpaka kizingiti cha mlango wa jiko, uwanja sijaukanyaga. Kiapo hakijaguswa. Nilifurahi na akili yangu, wallahi, nilijiona kadhi mzima. Nilikuwa na miaka kumi na minane, si mtoto. Sitaki mtu anitafutie udhuru wa utoto.

Nikenda. Mke wa Ticha, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa jikoni anatwanga, akashtuka kuniona naruka kizingiti. "Ala! Mwizi wa saa kumi za jioni!" Kisha akacheka, akamwita mumewe. Ticha hakuniuliza kwa nini nimepita nyuma. Nadhani alidhani naona haya kuonekana na watu, na alikuwa ameshazoea watu wanaomwonea haya. "Nilijua utarudi," alisema tu. Hakujua habari ya kiapo, nami sikumwambia. Angelijua angenitoa mbio.

Tukafundishana humo humo jikoni. Tabu ikawa watu wa kusimamisha sentensi hawapo, na hizo pasivu ngumu zinataka wapagazi wawili wawili. Akamgeukia mkewe.

"Njoo hapa."

"Mie leo nani?"

"Leo weye muhogo."

"Hee! Miaka arubaini na tano ya ndoa, leo nimekuwa muhogo," Bibi akasema, mikono bado ina unga, akaja akasimama mbele. Kinu kikawa mpagazi wa kwanza, kibao cha mbuzi kikawa wa pili. Mimi nikawa "eaten". Ticha mwenyewe akarudi nyuma kabisa na bakora yake, akawa mbuzi. The cassava is being eaten by the goat. Muhogo unaliwa na mbuzi, sasa hivi, tunaona. Kisha akabadilisha wapagazi. The cassava has been eaten by the goat. Muhogo umeliwa, kwisha, haurudi. Bibi hakujua neno moja la Kiingereza, lakini kila tukigeuza alipiga hatua pale pale anapotakiwa. Kitu ambacho wiki nzima kilinitoa machozi kikaingia kichwani kwa saa moja. Nikarudi nyumbani kwa njia ile ile ya mihogoni nikiimba moyoni.

Nikenda na kesho yake. Siku ya tatu Ticha alinieleza matumizi. Alisema Kiingereza cha ofisini kinaipenda pasivu kwa sababu mtenda anaweza kuachwa nje na sentensi ikasimama vile vile. "Ila weye ukiandika, kwanza jiulize mtenda ni nani. Hata kama hutomtaja, mjue." Nilikuwa naandika maneno hayo kwenye daftari Bibi alipoingia kutoka kisimani. Hakuweka ndoo chini.

"Ticha, kweli hino?" alisema. "Nimeambiwa kisimani sasa hivi. Baba yake huyu kaapa talaka. Talaka tatu za mama yake, akija kwetu."

Ticha alinitazama. "Kweli?"

Nikasema kweli, lakini nimepita nyuma, uwanja sikuukanyaga. Nikamwelezea hila yangu yote, na kadiri nilivyokuwa nikieleza ndivyo nilivyoisikia ilivyokuwa ya kipumbavu.

"Umekuja mara ngapi?"

"Hii ya tatu."

Aliweka mikono kichwani. Mzee yule, aliyetemewa mate njiani asifute uso, alijibwaga juu ya kibao cha mbuzi. "Umenifanya nini, mwanangu? Mie niwe sababu ya mama yako?" Bibi alikuwa ameshakaa chini, anasema Inna lillahi kama mtu aliyeletewa habari ya maiti. Ticha akafunga daftari langu, akanipa. "Nenda kwa mama yako umwambie leo. Leo hii. Hiyo si siri ya kukaa nayo. Na hapa usirudi."

Nikasema sawa. Nikapita mihogoni nikalia mpaka macho yakavimba. Nikafika nyumbani, mama akaniuliza mbona uso hivyo, nikasema nyuki. Sikumwambia siku ile. Nikasema moyoni nitamwambia baada ya mtihani, na baada ya mtihani nikasema baada ya matokeo.

Ticha angeweza kulisema. Baba alikuwa miongoni mwa waliomsusia kwa kelele zaidi, na neno moja tu lingemfanya baba kichekesho cha Pemba nzima. Mwenye kuapa kwa kiburi, ndoa yake imevunjwa na bintiye! Hakulisema. Miezi michache baadaye yeye na Bibi waliuza vitu vyao wakahamia Unguja kwa mtoto wao. Gari lao lilipita mbele yetu, mimi nimesimama mlangoni na sikuinua mkono. Alifia huko. Nilisikia habari baada ya mwaka.

Matokeo yalitoka, nikafaulu, na Kiingereza ndicho nilichofanya vizuri kuliko yote. Maswali ya pasivu nilijibu huku naona kinu na kibao cha mbuzi. Baba alichinja jogoo wawili, akasomesha khitma, akasimama mbele ya watu akasema mwanawe kafaulu kwa akili yake mwenyewe bila kubembeleza mtu. Watu wakaitikia. Mama alikuwa uani anapakua. Nilitaka ardhi ipasuke.

Nilipokuwa chuo cha ualimu Unguja nilimwendea shehe mmoja, nikamwambia kuna rafiki yangu kafikwa na jambo hili. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, huyo baba alikusudia binti asipite mlango wa mbele, au asiende kabisa? Nikasema asiende kabisa. Na binti alikijua kiapo? Alikijua. Shehe akashusha pumzi. "Basi talaka imeanguka siku ya kwanza. Mwambie rafiki yako akamwambie mama yake, maana yumo ndani ya nyumba ya mtu asiye mumewe, na dhambi yote iko kwa aliyenyamaza." Nikasema nitamwambia. Nikatoka na viatu mkononi, nikasahau kuvivaa mpaka barabarani.

Hapo sasa ndipo pa kunihukumu. Mwaka ulipita, nikaajiriwa skuli moja Chake, nikapanga chumba Tibirinzi, nikawa nakwenda nyumbani kila Ijumaa. Kila nikimuona mama anampakulia baba, anamkunjia kanzu, najiambia leo ndiyo leo. Nikasema wiki ijayo. Na mambo ya kwao yakawa yanaenda, au mimi nikiona yanaenda. Mama mwenyewe alimtafutia baba mke wa pili, mjane mmoja kijana. Watu wakamsifu, mwanamke wa peponi huyu. Mama akasema mgongo wake mbovu, bora mwenzake amsaidie. Nami niliona afadhali kuliacha hapo, nikaishi hivyo miaka zaidi ya ishirini.

Wakubwa wa vyama walikuja kupatana. Si mara moja, walipatana wakagombana wakapatana tena, na kila wakipatana watu wetu wanaambiwa nao wapeane mikono. Wakapeana. Baba yangu nilimkuta na macho yangu anakunywa kahawa na wale wale, anacheka, anapigana nao mabega. Mara moja nilimsikia anasema, "Ticha wa watu tulimuonea." Tulimuonea! Nilitoka nje nisije nikampigia kelele mzazi wangu. Sikupata kukata tamaa na binadamu kama siku ile, na nilijihesabu na mimi humo humo.

Mwaka juzi baba alifariki. Alikwenda kwa maradhi ya siku nne, na kwenye mazishi yake walijaa watu wa vyama vyote. Maiti ilipotoka, wanawake wakaingia chumbani kuwaweka wajane eda, kama ilivyo ada. Yule mke mdogo akakalishwa kizuka, akafunikwa. Wakamtafuta mama. Hayupo chumbani. Wakamkuta jikoni, kanga zake za kila siku, anamenya muhogo.

"Njoo ukae, bi mkubwa. Weye kizuka sasa."

"Mie si kizuka," mama alisema. "Mie sina eda."

Walidhani huzuni imempanda kichwani. Wakambembeleza, mmoja akamshika mkono, mama akautoa mkono wake polepole akaendelea kumenya. Wakarudi ndani wananong'ona. Nilisikia wakisema hata kumlilia mumewe kashindwa, mwanamke gani huyu, kumbe wema wote ule ulikuwa uongo. Nikabaki naye peke yetu.

"Mama," nilisema.

"Usianze kulia hapa. Nilikuona," alisema, hakuinua uso. "Siku ya kwanza. Nilikuwa mihogoni, ukanipita kama hatua kumi. Nikakuona unaruka kizingiti cha jiko la Ticha."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa ushakwenda. Kiapo kimeshaanguka, nikuite nini?" Akatupa kipande cha muhogo kwenye maji. "Ningesema, baba yako angekutoa skuli siku ile ile. Na mie ningekwenda wapi na wadogo zako? Nikakaa. Toka jioni ile hakunigusa mwanamme yule, si kwa mkono wala kwa nguo. Nilisingizia mgongo, nikamtafutia mke, mie nikampikia tu. Mungu anajua."

Nikapiga magoti pale kwenye maganda. Nikamwambia nakwenda kuwaeleza, nakwenda sasa hivi, wasimseme vibaya, mimi ndiye niliyemfanyia. Ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Utawaeleza nini? Watasema kakaa miaka yote na mtu si mumewe. Nani atakayeamini alikuwa hanigusi? Bora waseme sina huzuni." Kisha akasema, "Inuka, maji yamechemka."

Siku ya tatu tulisoma khitma. Mama alishinda jikoni, na kila mwanamke aliyepita mlangoni alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosa adabu mbele ya kaburi. Jirani yetu mmoja, mtu mwema, hana baya, alinivuta pembeni nikiwa na sinia mkononi. Akaniambia kwa sauti ya chini, weye ndiye msomi wa nyumba hii, hebu nambie, mama yako kafanywa nini?

Nikamwambia sijui, nikaingia ndani kupakua wali.